Kidevu cha Mkuu na Pikapu ya Bi Tunu

Nchi yetu sitaitaja jina. Msidhani naogopa. Jina lenyewe hubadilishwa kila Mkuu akirudi safari, na sitaki mtu aje kuniambia nimeandika la zamani. Inatosha kujua kwamba ina milima, ina mvua nyingi, ina Mkuu mmoja, na ina mimi, balozi wa nyumba kumi, ambaye nimeitumikia serikali kwa moyo mweupe na kwa baiskeli yangu mwenyewe.

Mambo yalianza siku Mkuu alipokuja kwetu kuzindua kalavati. Alivaa suti nyeupe kama kawaida yake. Alipoinama kukata utepe, pikapu moja ya maziwa ikapita mbio, ikazoa dimbwi lote na kumvisha suti nyingine. Dereva hajapatikana hadi leo, nami siwezi kumtaja kwa sababu ni ndugu wa mke wangu. Mkuu alifuta miwani, akamalizia utepe, akaondoka. Kesho yake tukapata sheria.

Sheria ilisema kila gari liwe na raba za tope, zile zinazoning'inia nyuma ya magurudumu ili uchafu usiwarukie waendao kwa miguu. Jambo la busara kabisa. Na kusema kweli magari mengi ya kwetu yalikuwa nazo tayari, maana tunaye fundi Ngaeje. Huyu bwana, mpe kisu kikali, chaki na rangi, atakukatia raba yoyote na kukuchorea unachotaka: jogoo, nembo ya timu ya mpira, jina la mama yako mzazi. Watu wa kwetu wanaweza kuishi na paa linalovuja, lakini gari lenye raba tupu wanaliona kama mtu aliyetoka nyumbani bila shati.

Hapo ndipo Waziri wa Nidhamu ya Barabara, Mheshimiwa Dakta Kapteni Mstaafu Mkong'oto, alipoona pengo. Akalihutubia taifa redioni, nami nikawakusanya watu wangu wamsikilize.

"Ndugu wananchi," alisema, "inakuwaje nyuma ya gari akae jogoo, wakati nchi hii ina Mkuu? Jogoo amejenga zahanati ngapi?"

Tulihesabu kimoyomoyo, tukaona jogoo na Mkuu wanalingana. Lakini hilo si la kusema mbele za watu, na mimi ndiye niliyeanzisha makofi.

Kuanzia siku hiyo kila raba ikatakiwa kuchorwa uso wa Mkuu, tangu nywele hadi fundo la tai. Na kwa kuwa uso wa Mkuu hauwezi kuwa mdogo, wizara ikatoa vipimo virefu mno. Raba ziligusa chini. Zilifagia barabara kuliko manispaa. Mimi, kwa heshima zote, nilikwenda wilayani kuuliza kama haileti ukakasi kwamba kazi ya raba ni kupigwa tope, na sasa kinachopigwa tope mchana kutwa ni uso wa Mkuu. Niliambiwa Mkuu amejitolea kupokea tope kwa niaba ya wananchi wake. Nililia kidogo, nikarudi nyumbani.

Kilichosahaulika wizarani ni rivasi. Mtu yeyote aliyewahi kushika usukani anajua raba ndefu haipatani na rivasi. Gari likirudi nyuma, tairi huikanyaga raba, huivuta na kuing'oa pamoja na skrubu zake. Sasa ikitokea hivyo, Mkuu analala barabarani na gari linampita juu. Dereva wa kwanza kupatwa na hilo, ambaye alikuwa anatoka tu sokoni alikoegesha, alifungwa kwa kosa la kumkanyaga Mkuu wa Nchi. Wa pili alijitetea kwamba hakumwona kwa kuwa alikuwa nyuma yake. Akaongezewa kosa la kumpa Mkuu mgongo.

Basi nchi nzima ikaacha kurudi nyuma. Aliyeingia uani na kukosa pa kugeuzia alibomoa ukuta akatokea kwa jirani. Malori yaliyokosea njia yaliendelea mbele mpaka yakavuka mpaka, na tunasikia madereva wake wameoa huko na wanaishi vizuri. Gari la wagonjwa la wilaya liliingia gereji likitanguliza pua, likabaki humohumo, pua ukutani. Dakta Mkong'oto akarudi redioni, safari hii sauti yake ikiwa na furaha.

"Wataalamu wa dunia wanatuuliza siri yetu ni nini," alisema. "Siri ni kwamba hili ndilo taifa pekee lisilorudi nyuma."

Wimbo ulitungwa palepale. Wanafunzi waliuimba wakitembea mbele, na wale waliofika ukutani waliendelea kuuimba wakiwa wameukabili ukuta.

Sasa nimlete Bi Tunu. Ni mjane wa mtaani kwangu, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, na hayo machache huchoma. Marehemu mumewe alimwachia pikapu ya bluu. Asubuhi huibebea ndizi kwenda sokoni, na wakati mwingine wowote, akiitwa, huitumia kuwakimbiza wajawazito hospitali. Karibu kila mtoto wa mtaa wetu amefika nyumbani kwa pikapu hiyo. Mke wa mwanangu, Zamda, naye alikuwa mjamzito, kwa hiyo mtaelewa kwamba mbali na jicho la serikali, pikapu ile niliitazama pia kwa jicho la baba mkwe.

Shida ilikuwa hospitali yenyewe. Mlango wa wodi ya wazazi uko mwisho wa kichochoro, na ili kumshusha mama pale, lazima gari liingie kinyumenyume. Bi Tunu alijaribu kutii sheria. Aliwashusha wagonjwa wake barabarani, wakawa wanajikokota kwa miguu. Mmoja akajifungulia langoni, chini ya bango lililoandikwa Karibu. Siku ile Bi Tunu aliendesha moja kwa moja mpaka kwa fundi Ngaeje, akanipitia njiani ili serikali nayo iwepo.

Fundi alikuwa rafiki wa marehemu, na yeye na Bi Tunu huitana shemeji. Alichuchumaa nyuma ya pikapu, akaishika raba kwa vidole viwili, akamtazama Mkuu usoni kwa muda.

"Shemeji, dawa yake ni kuipunguza," alisema. "Lakini nikikata chini, Mkuu anapoteza tai na kidevu. Nikikata juu, linakwenda paji la uso, na huko ndiko wanakosema akili inakaa."

"Kidevu kina kazi gani?" Bi Tunu akauliza, na aliuliza akinitazama mimi.

Nilijibu kwamba sheria inautaja uso kwa ujumla, na kwamba kwa ufahamu wangu serikali haijawahi kutoa tamko kuhusu kidevu. Nilijibu nikiwa nimegeukia upande wa pili, nikikagua mnazi wa jirani.

"Kata, shemeji," akasema Bi Tunu.

Fundi akapiga mstari kwa chaki, akachovya kisu katika maji ya sabuni, kwa kuwa raba kavu hung'ang'ania kisu, akakata. Kidevu kikaanguka pamoja na tai yake. Lakini fundi mzuri hapimi gari tupu. Alituamuru tupande nyuma pamoja na mikungu ya ndizi. Springi zikalala, raba ikagusa tena chini. Akakata mdomo wa chini. Bi Tunu akapiga rivasi, tairi likailamba raba. Akakata mdomo wa juu, akafika chini kidogo ya pua, na hapo pikapu ikarudi nyuma vizuri kabisa, ikaenda, ikaja. Fundi akazungusha pembe zisije zikachanika, akapigilia ukanda wa bati kwa chini ili upepo usizipeperushe. Kwa mbali ungesema Mkuu amefuga masharubu. Alibaki na nywele, macho, masikio na pua, na sijawahi kumwona akiwa mtulivu namna ile.

Sijui nani alianza kucheka. Najua tu kwamba baada ya muda mfupi watu walikuwa wakisimama kando ya barabara kuisubiri pikapu ya Bi Tunu ipite, na ikishapita walikwenda zao wamefurahi, kama waliotoka harusini. Kisha foleni ikaanza kwa fundi Ngaeje. Kila mtu na mtindo wake. Mwenye teksi alitaka abakiziwe masikio peke yake, kwa maelezo kwamba amepeleka malalamiko kila ofisi na sasa angalau yana pa kuingilia. Mwuza mchanga alitaka macho, ili Mkuu azione barabara kwa karibu. Mwalimu mmoja aliyekuwa akiomba uhamisho tangu nywele zake zikiwa nyeusi alitaka sikio la kushoto tu, maana la kulia, alisema, amekwisha kuliandikia sana.

Hakuna aliyetaka mdomo. Hilo ndilo lililoiudhi serikali.

Pikapu ikakamatwa, ikafungwa pingu kwenye gurudumu. Bi Tunu akashtakiwa kwa kumnyamazisha Mkuu wa Nchi kwa kutumia kisu cha mtu mwingine. Fundi mwenyewe hakuguswa, kwa sababu raba za gari la hakimu zilikuwa bado ziko kwake hazijakwisha.

Mwendesha mashtaka alidai mdomo uletwe mahakamani. Ulitafutwa mtaa mzima, ukakutwa kwenye banda la bata la fundi Ngaeje, ambako ulikuwa umepigiliwa kama bawaba ya mlango. Uliingizwa mahakamani juu ya mto wa mahameri, na wote tukasimama. Hakimu akauamkia. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole, kama mdomo una jambo lolote la kuieleza mahakama kabla kesi haijaendelea. Tulisubiri. Mdomo haukusema kitu. Tone la kinyesi cha bata likateleza likaanguka kwenye mto, na karani akaandika kwamba shahidi ametokwa na machozi.

Bi Tunu alipotakiwa kujitetea alisimama, akashika ukingo wa kizimba.

"Mheshimiwa hakimu, mimi nabeba wajawazito," alisema. "Mkuu akitaka kusema, ana redio."

Watu waliinamisha vichwa. Walinzi walidhani ni kwa aibu, nami niliwaacha wadhani hivyo.

Hukumu ilikuwa kwamba pikapu isagwe na buldoza mbele ya Mkuu mwenyewe, siku atakayokuja kuzindua barabara mpya ya hospitali. Bi Tunu hakulia mahakamani. Alilia kwake mchana ule, na kwa kuwa ukuta wetu ni mmoja, nilimsikia. Zamda naye alimsikia, akashika tumbo lake. Mimi ni mtu wa serikali, lakini nasema wazi kwamba siku ile roho iliniuma, na chakula kilinishinda.

Siku ya uzinduzi ikafika. Barabara mpya ilikuwa nzuri sana mpaka pale ilipoishia. Iliishia kwenye korongo, hospitali ikionekana ng'ambo ya pili. Kwenye ramani ya wizara inaendelea. Ilijengwa juu ya tuta jembamba, kulia tope, kushoto tope, na usiku uliotangulia mvua ilikuwa imefanya kazi yake. Msafara ukaingia kwa ving'ora, magari ya wakubwa yakitangulia na la Mkuu likiwa la mwisho, utaratibu uliowekwa tangu suti ile ya kalavati ili asirushiwe tena. Sisi wananchi tulipangwa huku mwanzo wa barabara, pamoja na pikapu ya Bi Tunu na buldoza lililofungwa utepe. Bi Tunu mwenyewe aliwekwa katikati ya askari ili ashuhudie.

Gari la kwanza likafika kwenye korongo, likasimama. Yaliyofuata yakasimama. Hapakuwa na pa kugeuzia, na kila gari lilikuwa na raba mpya za kisheria zenye uso wa Mkuu, mdomo na kidevu vikiwa vimekamilika.

Ngoma ziliendelea kupigwa kwa uaminifu mkubwa, mpaka wachezaji wakachoka wakaketi. Jua likapanda. Dakta Mkong'oto alishuka, tope likammeza hadi magotini, akalifikia gari la Mkuu na kugonga kioo. Mashuhuda walionisimulia wanasema alitamka, "Mheshimiwa Mkuu, hapa ndipo taifa lilipofikia." Mkuu akauliza kwa nini wasirudi walikotoka. Waziri akamkumbusha, kwa unyenyekevu, kwamba hili ni taifa lisilorudi nyuma. Ikapendekezwa basi raba za gari lake zipunguzwe kidogo. Wakatafuta mtu wa kumkata Mkuu kidevu mbele ya Mkuu. Jeshi likasema ni kazi ya polisi, polisi wakasema ni kazi ya wizara, na waziri akagundua kwamba tope limemshika hawezi kusogea.

Sasa, Mkuu alikuwa amepewa madafu mengi asubuhi ile, kila kijiji la kwake, na kwa adabu alikuwa amemaliza yote. Akaanza kujigeuzageuza kwenye kiti. Mwishowe kioo kikashuka, na sisi, ambao tulikuwa tumesogea kutazama, tukaisikia sauti yake bila redio kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nyembamba kuliko tulivyodhani.

"Jamani," alisema, "hakuna hata gari moja linaloweza kunitoa hapa?"

Wakubwa wote walitazama viatu vyao. Nami, ambaye miaka yote sijawahi kufungua kinywa mbele ya mkubwa isipokuwa kushangilia, nikajisikia nikisema, "Lipo, Mheshimiwa. Lakini limehukumiwa."

Bi Tunu hakungoja kuambiwa. Aliwapita askari, akawasha pikapu, akaipeleka taratibu mpaka nyuma ya gari la Mkuu. Wakatandika zulia jekundu kutoka mlango hadi mlango, Mkuu akavuka bila kuchafuka, akaketi kiti cha mbele juu ya gunia lililokuwa na maganda ya ndizi. Kisha Bi Tunu akapiga rivasi. Alirudi nyuma tuta zima bila kuyumba, raba zikipita juu ya mashimo bila kugusa hata jiwe. Mkuu alikuwa ametazama mbele, akiwaona mawaziri wake wakipungua kidogo kidogo mpaka wakawa wadogo sana. Wanaosema alitabasamu wanasema kweli. Nilikuwepo. Mara tu pikapu iliposimama alikimbilia kwenye migomba, na bendi ikapiga wimbo wa taifa mpaka aliporudi.

Redio jioni ile ilisema Mkuu amesonga mbele kwa namna ya kipekee.

Hukumu ikafutwa, na sisi tukapika pilau. Tulidhani mambo yamekwisha. Lakini serikali yetu haijui kushukuru kidogo. Pikapu ilitangazwa kuwa hazina ya taifa, ikakokotwa kwa heshima hadi jengo jipya la makumbusho, ikazungushiwa kamba ya hariri. Bi Tunu akavishwa nishani. Alipouliza gari lake atarudishiwa lini, Dakta Mkong'oto, ambaye bado alikuwa akichechemea, alimshika bega.

"Mama, hilo si gari lako tena," alimwambia. "Ni la historia."

Ndizi zake zikaoza. Wajawazito wakaanza tena kutembea, maana sheria ya raba haikuguswa hata herufi. Bi Tunu aliivaa ile nishani siku moja tu, kisha akaifunga mguuni mwa kuku ili asimpotee.

Siku ya Zamda ilikuja alasiri moja, mvua ikimwagika kama imetumwa. Mwanangu alikuwa safarini. Nilikimbia mpaka gereji ya wilaya, gari la wagonjwa likaniangalia kwa mgongo, pua ukutani. Nikakimbia makumbusho. Mlinzi alinieleza vizuri tu kwamba hazina ya taifa inatazamwa, haipandwi. Nilimwambia mimi ni balozi. Akasema mabalozi wanatazama bure. Nikakaa chini pale mlangoni, mtu mzima, nimelowa, nikalia kilio chenye sauti.

Hapo akatokea Bi Tunu, akiwa amemshikilia Zamda kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukiwa na ufunguo. Nilikuwa sijawahi kufikiria jambo hilo. Walikuwa wameikokota kwa kamba, wakaipiga picha, wakaihutubia, na hakuna aliyemwomba ufunguo, kwa sababu kitu cha makumbusho hakiendi popote.

Bi Tunu alimtazama mlinzi. "Mkeo yule wa mapacha hajambo?" akamuuliza.

Mlinzi akasema hajambo. Kisha akasema anakwenda kunywa chai, na kwamba chai huwa anakunywa polepole. Kwa kuwa pikapu ilikuwa imeegeshwa ikiitazama picha ya Mkuu ukutani, ilibidi itoke kinyumenyume. Ilitoka vizuri. Hospitali pia iliingia kinyumenyume mpaka mlangoni mwa wodi, na kabla sijapata pa kuikamulia kanzu yangu, nikasikia mtoto analia.

Kesho yake redio ilitangaza kwamba uvumi kuhusu pikapu ya taifa ni uzushi wa maadui. Waziri alithibitisha kwa kinywa chake kwamba ipo makumbusho, imetulia, na milango imefungwa kwa ajili ya usafi. Basi ikawa hivyo. Na kwa kuwa pikapu iko makumbusho, ile ya bluu inayopita mtaani kila siku na ndizi na wajawazito haipo. Askari wa barabarani hawawezi kuisimamisha, maana kuisimamisha ni kumwita waziri mwongo. Wakiiona inakuja hugeukia mashamba, na Bi Tunu huwapigia honi kidogo akipita, kwa salamu.

Mjukuu wangu ni wa kike, mnene, hana neno. Wilayani waliniita wakaniuliza mama yake alifikaje hospitali katika mvua ile, na mimi, mtumishi mwaminifu, nisingeweza kutaja gari lisilokuwepo. Nikasema alikwenda kwa miguu na akafika salama. Walifurahi mno. Wamenipa hongera, wakasema kama wanawake wa kwetu wana nguvu kiasi hicho, basi wilaya haina haja tena ya gari la wagonjwa.